Karatasi ya Siku ya Kwanza: Maswali Yenu Kuhusu Kudai Fidia ya Majeraha

Barua za toleo hili zimetoka Tanga mjini, Muheza, Korogwe na Mkinga, na nyingi zina ugonjwa mmoja: mtu ameumia kweli, haki anayo, lakini karatasi alizonazo hazisemi kile anachokisema yeye mdomoni. Tumezijibu kwa sheria za Tanzania Bara. Majina tumeyaondoa, na barua ndefu tumezifupisha.

Habari za kazi. Mimi ni dereva wa bodaboda, kijiwe changu kipo Kange. Miezi minne iliyopita Noah ilinichomekea ikanigonga, nikavunjika mguu chini ya goti. Mwenye gari alinipeleka hospitali, akanitumia laki mbili kwa simu, akaniomba tusifike polisi kwa kuwa gari ni ya biashara. Nikamwelewa. Sasa POP (plasta ngumu) imetolewa na daktari anasema mfupa haujaunga, nahitaji kuwekewa chuma. Jamaa hapokei simu tena. Je, nimeshachelewa?

Kisheria hujachelewa, ila kazi umejiongezea. Madai ya kuumizwa kwa uzembe wa mtu yana muda wa miaka 3 tangu siku ya ajali. Ulichopoteza ni ushahidi wa siku ile: hakuna trafiki aliyepima barabara, hakuna mchoro wa eneo, gari halikukaguliwa na hakuna PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu. Ombi la "tusifike polisi" ndilo linaloua madai mengi ya bodaboda, na huwa linakuja kwa sauti ya upole kabisa.

Nenda kituo cha polisi cha eneo ilipotokea ajali ukatoe taarifa sasa. Eleza tarehe ya kweli na sababu ya kweli ya kuchelewa. Wapo wanaoshauriwa waseme ajali ni ya juzi ili waonekane hawakuchelewa. Usithubutu. Picha ya X-ray ya mfupa uliovunjika miezi minne iliyopita haifanani na ya mfupa wa juzi, na faili lako la hospitali lina tarehe ya kupokelewa. Uongo huo mmoja unatosha kuangusha hata yale ya kweli.

Polisi watakupa PF3, ambayo daktari ataijaza. Omba ijazwe kwa kufuata faili la siku uliyopokelewa, si kwa kukutazama ulivyo leo tu. Kabla hujairudisha polisi, itoe nakala pande zote mbili, mbele na nyuma, maana maelezo ya daktari mara nyingi yapo upande wa pili na watu huja na nakala ya upande mmoja. Hakiki vitu vitatu ukiwa bado mbele ya daktari: jina lako limeandikwa kama lilivyo kwenye kitambulisho cha NIDA, mguu uliotajwa ni ule uliovunjika (kulia au kushoto), na tarehe inalingana na ya faili. Kosa la kulia na kushoto linaonekana dogo, lakini mwanasheria wa upande wa pili atalishikilia hadi siku ya mwisho. Kama majina yameshapishana, mfano NIDA inasema Hamisi na hospitali wameandika Khamis, utahitaji kiapo cha majina.

Sasa gari. Kama namba unayo, iangalie kwenye mfumo wa TIRA MIS wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, ambako bima ya chombo huhakikiwa. Cha kutafuta ni bima iliyokuwa hai siku ya ajali, si ya leo. Bima inaweza kuwa imekwisha mwezi uliopita na bado kampuni ile ikawajibika kwa ajali yako. Tafuta pia jina la mmiliki, kwa kuwa aliyeshika usukani na aliyeandikwa kwenye kadi ya gari mara nyingi ni watu wawili. Polisi wanaweza kumpata kupitia usajili wa TRA, Mamlaka ya Mapato. Ukimshtaki dereva peke yake unaweza kushinda kesi ukakosa cha kukamata. Dereva akiwa kazini kwa mwenye gari, mwenye gari naye anabeba kosa.

Ile laki mbili isikutie hofu. Kupokea pesa ya matibabu si kufuta madai, almradi hukusaini karatasi ya kumalizana. Itakatwa kwenye fidia, basi. Kwa kweli inakusaidia: ujumbe wa muamala wenye jina lake na tarehe ya siku ile unaonyesha alikuwepo na alijihusisha. Usitegemee ujumbe kwenye simu, simu huibwa. Omba taarifa ya miamala ya kipindi hicho kwa mtandao wako wa simu, uichapishe.

Na chuma kawekewe. Usingoje fidia ndipo utibiwe. Mdai ana wajibu wa kupunguza hasara yake mwenyewe, na mfupa ukiharibika zaidi kwa sababu ulikaa nyumbani, sehemu hiyo ya hasara watakwambia ni yako. Hali ni hiyohiyo kwa wanaokatisha matibabu kwenda kwa waunga mifupa wa kienyeji. Hatuwasemi vibaya waungaji, lakini hawatoi risiti wala ripoti, na pengo la miezi miwili kwenye faili la hospitali ndilo la kwanza kuulizwa. Kama pesa ya upasuaji hauna, omba hospitali ikuandikie makadirio ya gharama yenye muhuri. Gharama iliyo kwenye karatasi hiyo unaweza kuidai hata kabla upasuaji haujafanyika.

Mimi ni fundi seremala, Muheza. Daladala niliyopanda ilipinduka miezi mitano iliyopita, nikavunjika mkono wa kulia. Kampuni ya bima imeniita, wanataka kunipa 2,500,000 nisaini hati yenye maneno "malipo kamili na ya mwisho". Mke wangu anasema nichukue, kaka zangu wanasema nikatae. Bado naenda hospitali ya Bombo, Tanga, kwa mazoezi ya viungo.

Fundi, kabla ya kuchukua au kukataa, kaa na daftari. Hasara yako ina mafungu mawili, na kosa kubwa ni kuyachanganya.

Fungu la kwanza ni hasara unayoweza kuihesabu shilingi kwa shilingi: matibabu, dawa, nauli, mtu wa kukusaidia na kipato kilichopotea. Hii mahakama zetu zinataka itajwe kwa kila kipengele kwenye madai na ithibitishwe kwa ushahidi. Mahakama ya Rufani imelisimamia hilo kwa miaka mingi. Ukiandika "gharama mbalimbali 3,000,000" hupati kitu, hata kama kila mtu anaona mkono ulivunjika. Fungu la pili ni fidia ya jumla: maumivu, ulemavu, kushindwa kuishi kama zamani. Hilo hakimu hulikadiria mwenyewe.

Chukua kipato. Tuseme ukitoa mbao, misumari, vanishi na mshahara wa kijana wako, unabaki na 20,000 kwa siku, na unafanya kazi siku 26 kwa mwezi. Hiyo ni 520,000 kwa mwezi, na kwa miezi 5 ni 2,600,000. Yaani ofa yao haifikii hata kipato ulichokosa, matibabu bado na mkono wenyewe haujaguswa. Lakini angalia tulichokitoa kwanza. Mafundi wengi hudai mauzo badala ya faida. Kabati la 400,000 si kipato cha 400,000. Bima wakigundua hesabu imevimba sehemu moja, watakata kila sehemu.

Utathibitishaje hiyo 20,000? Daftari la oda, malipo ya wateja kwenye simu, risiti za mbao za miezi kabla ya ajali, makadirio ya kodi ya TRA kama unalipa, na mteja mmoja au wawili walio tayari kusimama kizimbani. Ukitangaza TRA kipato cha chini kisha ukadai fidia kwa kipato cha juu, jiandae kwa swali hilo.

Nauli ya Muheza hadi Bombo nayo ni hela. Nyingi hazina risiti, kwa hiyo orodhesha kila safari kwa tarehe, na tarehe hizo zioane na kadi yako ya kliniki. Kwa matibabu, tunza risiti za malipo za hospitali na za EFD (mashine ya risiti za kodi) za duka la dawa. Zile za karatasi laini hufifia zikikaa juani au kwenye pochi yenye jasho. Zipige picha siku hiyohiyo.

Ushauri wetu kuhusu hati: usisaini ukiwa bado kwenye mazoezi. Hakuna ajuaye leo mkono utanyooka kiasi gani, na kwa seremala tofauti ya kushika randa na kutoshika ni riziki nzima. Subiri daktari aseme hali imefika mwisho wa kupona, kisha omba ripoti yenye mambo haya: aina ya mvunjiko na mkono upi, matibabu yote, kiungo kinakunjika hadi wapi, kama chuma kitahitaji kutolewa baadaye, asilimia ya ulemavu wa kudumu, na jina, saini na muhuri wa daktari. Ripoti inayosema "mgonjwa alivunjika mkono, anaendelea vizuri" haina kazi. Neno "vizuri" limewagharimu watu wengi.

Shida ikikubana, waombe wakulipe sehemu ya matibabu kwa maandishi yanayosema wazi kuwa si malipo ya mwisho. Kampuni nyingine hukubali, nyingine hukataa. Ukiona unazungushwa, kuna TIRA, na kuna Msuluhishi wa Migogoro ya Bima aliyewekwa chini ya Sheria ya Bima ya 2009.

Jambo la mwisho, na hapa ndipo wajanja wanapozama: mazungumzo na bima hayasimamishi saa. Mahakama ya Rufani imesema hivyo bila kumung'unya maneno. Mtu anaambiwa "lete hiki, njoo mwezi ujao, faili liko Dar", miaka 3 inapita, kisha simu inapokelewa na mtu mwingine anayemwambia muda umekwisha. Ukifika mwaka wa pili bila malipo, kawaone mawakili. Kabla ya kufungua kesi, ipe kampuni ya bima taarifa ya maandishi, ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa, kwa sababu bila taarifa hiyo wanaweza kukwepa kulipa hukumu. Na usipandishe fidia ya jumla kufika milioni 500 ukidhani ndiyo itakupeleka Mahakama Kuu. Mahakama ipi isikilize kesi hupimwa kwa madai mahususi, yaani lile fungu la kwanza. Jambo hilo liliwekwa sawa katika shauri la kiwanda cha nguo cha Urafiki na Masista wa Usambara, wa mkoa wetu huuhuu, na bado kesi zinatupwa kila mara kwa kosa hilo.

Shikamooni. Mume wangu ni kibarua kwenye shamba la mkonge, Korogwe. Alivutwa mkono na korona, mashine ya kuchakata mkonge, wakati analisha majani, akapoteza vidole viwili. Msimamizi alilipa hospitali na kumpa mshahara wa mwezi mmoja, akasema yeye si wa mkataba hivyo hana fidia. Ni kweli?

Marahaba, dada. Si kweli. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ni wa wafanyakazi wa sekta binafsi na ya umma Tanzania Bara, na mchango hulipwa na mwajiri, mfanyakazi hakatwi hata senti. Kutokuwa na mkataba wa maandishi hakumfanyi kibarua asiwe mfanyakazi. Na mwajiri asiyejisajili ana kosa lake mwenyewe na sheria. Halimwangukii mumeo.

Muda ndio wa kuukimbilia. Mfanyakazi anatakiwa amjulishe mwajiri mapema iwezekanavyo, mwajiri naye aujulishe Mfuko ndani ya siku 7 kwa ajali. Madai yenyewe yafike ndani ya miezi 12. Waajiri wengine hulipa hospitali kimya kimya, miezi inayoyoma, kisha mtu anaanza kuuliza mwaka ukiwa umepita. Msimamizi akigoma kuandika taarifa, nendeni WCF moja kwa moja. Waelezeni pia OSHA, wakala wa usalama na afya mahali pa kazi, kwa sababu mashine inayovuta mkono bila kizuizi itavuta mwingine.

Pelekeni nini? Kitambulisho, karatasi za hospitali tangu siku ya kwanza, majina ya wenzake wawili waliokuwa kwenye meza ya korona, na ushahidi wa malipo: karatasi za posho, miamala ya simu, hata daftari la hesabu za kazi lenye saini ya msimamizi. Fidia hupigwa kwa kipato, hivyo asiye na ushahidi wa kipato hulipwa kidogo. Kwa muda ambao hawezi kufanya kazi, Mfuko hulipa asilimia 70 ya mshahara, kwa muda usiozidi miezi 24. Ulemavu wa kudumu usiozidi asilimia 30 hulipwa kwa mkupuo, ukizidi hapo ni pensheni ya kila mwezi. Kwa hiyo asilimia ikikaribia mstari huo, msikubali kupimwa juu juu. Daktari aandike si vidole vilivyokatika tu, bali pia nguvu ya kushika iliyobaki na ganzi kama ipo.

Someni kwa makini maelezo ya "ajali ilivyotokea" kabla mumeo hajasaini. Tumeona maneno kama "aliingiza mkono kwa uzembe" yakiwekwa mdomoni mwa mtu aliyekuwa bado na bandeji.

Niliteleza usiku kwenye mtaro usio na kifuniko, mjini Ngamiani, nikavunjika nyonga. Nimshtaki nani?

Kwanza ujue barabara ni ya nani. Barabara kuu na za mkoa ziko chini ya TANROADS, za mitaa mjini chini ya TARURA, na mitaro mingine ni ya halmashauri. Zote hizo ni za serikali, na kuishtaki serikali kuna mlango wake: notisi ya siku 90 kwa taasisi husika, nakala kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali, kisha kesi Mahakama Kuu (Kanda ya Tanga ipo hapahapa mjini), na Mwanasheria Mkuu aunganishwe kama mdaiwa. Tangu marekebisho ya sheria ya 2020, asipounganishwa kesi haisimami. Hapa usijaribu peke yako. Tena usingoje miaka 3: kwa baadhi ya madai yanayotokana na taasisi kutekeleza, au kushindwa kutekeleza, wajibu iliopewa na sheria, muda ni mwaka 1.

Piga picha ya mtaro leo, mchana na usiku, ukiweka kitu cha kuonyesha kina, kama fimbo au futi ya fundi. Kifuniko kikishawekwa wiki ijayo, hakuna atakayekumbuka kuwa hakikuwepo. Chukua majina ya wenye maduka jirani, hasa aliyewahi kulalamika serikali ya mtaa kabla yako. Malalamiko hayo ya awali yana thamani kuliko picha, kwa kuwa yanaonyesha wahusika walijua.

Mjukuu wangu aligongwa na pikipiki Pongwe akiwa na miaka 9. Sasa ana 13. Nimeambiwa muda umekwisha.

Bibi, haujaisha. Kwa mtoto, muda huanza kuhesabiwa akifikisha utu uzima. Kesi inaweza kufunguliwa hata sasa kwa kupitia mtu mzima anayemwakilisha. Ila mashahidi wanahama na mafaili ya hospitali yanapotea, hivyo kachukue nakala ya faili lake wiki hii. Kesi ikiwa mahakamani, makubaliano yoyote ya kumalizana kwa niaba ya mtoto yanahitaji idhini ya mahakama. Karatasi mliyosainishana nyumbani haitoshi.

Gari lenye namba za Kenya lilimgonga ndugu yangu Mkinga, likaendelea Horohoro. Tulisimamisha dereva mpakani. Tunaambiwa tukadai Mombasa.

Hapana. Gari la Kenya linaloingia kwetu hutakiwa kuwa na kinga ya bima inayofanya kazi huku, na iliyozoeleka ni kadi ya njano ya COMESA, ambayo Tanzania imo. Ajali ikitokea huku, madai huendeshwa huku kwa sheria za huku, kupitia ofisi ya mpango huo iliyopo nchini. TIRA watawaelekeza. Kama mlipiga picha ya kadi, mna nusu ya kazi: namba ya kadi, tarehe za kuanza na kuisha, jina la kampuni, namba ya gari. Kama hamkupiga, ombeni polisi wa mpakani waliomshika dereva wawape kumbukumbu zao.

Tulikuwa mshikaki, abiria wawili kwenye bodaboda moja, bila helmeti. Lori lilitugonga kwa nyuma, nikavunjika kifundo cha mguu. Bado nina haki?

Unayo. Kosa lako halifuti kosa la lori, linaweza tu kupunguza fidia kwa kiasi ambacho limechangia madhara. Na hapo ndipo pa kubishania. Helmeti ingezuiaje kifundo cha mguu kisivunjike? Usikubali kukatwa kwa jambo lisilohusiana na jeraha lako. Mshikaki ni hoja nzito zaidi, lakini kama lori liligonga kwa nyuma pikipiki ikiwa upande wake, mchoro wa trafiki utasema hivyo. Kauombe. Kama dereva wa lori alifikishwa mahakamani kwa uendeshaji wa hatari akatiwa hatiani, pata nakala ya hukumu iliyothibitishwa: muda wa rufaa ukipita, au rufaa ikishaamuliwa bila kuitengua, hukumu hiyo ni ushahidi usiopingika wa kosa lake kwenye kesi yako ya madai. Wengi hulipa wakili kuthibitisha upya jambo ambalo mahakama ya wilaya imeshalimaliza, na karatasi iko masijala inasubiri kuombwa.